Kichupa Kilichofudikizwa

Kwa maneno ya fundi cherehani wa chumba cha tatu, Mama Chupa alirudi kutoka kazini Jumanne ile amekumbatia boksi jeupe kama mtu aliyebeba kitoto kichanga, hakusalimia mtu, akaingia ndani na kufunga mlango jua likiwa bado juu. Fundi alisema ndani ya boksi mlikuwa na dawa iliyokamuliwa kwenye panya, dawa ya kuurudishia mwili kinga yake, na tone moja linatosha kumwinua mtu aliyekwisha kuagwa. Alisema maabara nzima iliitafuta mpaka jioni. Alisema mume wa Mama Chupa, ambaye wiki iliyotangulia hakuweza kutoka mlangoni hadi bombani bila kupumzika mara mbili, kesho yake asubuhi alisikika dirishani akipiga mluzi. "Mapafu yale yapige mluzi hivi hivi tu?" alimuuliza kila mteja aliyekuja kupunguziwa sketi, pini zimo mdomoni. "Mimi sisemi kitu. Mimi nashona."

Katika hayo yote, la kweli ni boksi. Na mluzi pia ulikuwapo, ila haukuwa mluzi. Ndivyo kifua cha mumewe kinavyolia asubuhi kabla hajavuta dawa.

Boksi lenyewe lilikuwa tupu. Maabara hupokea vitu vyake vya baridi ndani ya maboksi hayo meupe, mepesi kama mkate mkavu, na yakishatolewa vilivyomo hurundikwa nyuma ya jengo. Anayetaka huchukua. Nyumbani kwa Mama Chupa yalikuwa manne: moja la nguo za baridi, moja la unga, moja mumewe hulikalia akiota jua, na moja lilikuwa limevunjika pembe. La tano alikuwa amempa fundi cherehani mwenyewe mwaka jana, na hata alipokuwa anasimulia habari hizi, fundi alikuwa anachomoa nyuzi humo humo.

*

Mama Chupa alikuwa mwosha vyombo wa maabara. Kwa miaka kumi na moja aliosha vioo ambavyo mtu mwingine angeogopa hata kuvishika: mirija myembamba kama kidole cha mtoto, bakuli bapa, vichupa vidogo kuliko kizibo cha chupa ya soda. Aliviosha kwa sabuni, akavisuuza mara tatu kwa maji ya bomba na mara tatu kwa maji yaliyochujwa, akavipanga vikauke. Jina la Chupa alipewa huko, likamfuata hadi nyumbani, mpaka mumewe naye akawa analitumia anapotaka kumtania.

Elimu yake ilikuwa ya msingi. Kusoma alisoma, lakini polepole, na lebo za vichupa vile ziliandikwa kwa lugha ya watu wa mbali. Kwa hiyo zamani, yeye na mkuu wa maabara wa wakati ule, mzee aliyekwisha kustaafu, walikubaliana jambo. Chombo kilichosimama ni cha mwenyewe, kisiguswe. Chombo kilichofudikizwa, mdomo chini, ni cha Mama Chupa, akichukue popote atakapokikuta. Hakuna aliyeliandika. Kila mgeni aliambiwa siku ya kwanza, pamoja na kuonyeshwa choo kilipo. Kwa miaka kumi na moja halikupotea hata tone.

Mmoja wa walioambiwa hivyo ni mwanafunzi wa utafiti ambaye kila mtu alimwita Msichana wa Panya, kwa sababu ndiye aliyewalea. Mwaka wake wa kwanza alipanga chumba cha mwisho katika ua huu huu. Posho yake ilipochelewa, na ilichelewa sana, alikula kwa Mama Chupa. Alikuwa mwenye heshima. Alimwita "mama", akamwita mume wa mama "baba", akamsaidia Kitinda, binti yao wa mwisho, kusuka nywele. Siku moja Mama Chupa alimuuliza ni nini hasa kinachotafutwa kule kazini, na msichana akamweleza akiwa ameshika kijiko.

Alisema mwili una askari wake. Askari hao hawaonani wala hawana simu, basi hupelekeana protini ndogo sana, kama barua: njooni huku, zaeni wengine, nyamazeni sasa. Yeye alikuwa anaisoma barua moja tu kati ya hizo, ya panya. Haikamuliwi kwenye panya. Watu wa kiwandani huchukua maelekezo yake, wakayatia ndani ya bakteria, na bakteria wakaitengeneza. Kisha hukaushwa na kuletwa kwenye barafu.

"Na barua ya panya inamfaa nini mtu?" aliuliza mume wa Mama Chupa, katikati ya pumzi mbili.

"Tunajifunza kusoma kwa ya panya kwanza, baba. Ya mtu ina maneno magumu zaidi."

Alicheka sana siku hiyo. Alisema siku atakayojua kuisoma ya mtu, atakuja kuangalia kinaandikwa nini ndani ya kifua chake.

*

Jumanne, kichupa kilifika. Msichana wa Panya alikuwa amekisubiri miezi miwili na nusu. Ndani yake hapakuonekana kitu. Unga wenyewe ulikuwa kidogo hivi kwamba jicho liliona kioo tu, na mwingine ulikuwa umegandia chini ya kizibo. Aliongeza matone ya maji maalumu. Kuutikisa hakuruhusiwi, unaharibika. Basi akakigeuza kichupa, mdomo chini, ili maji yaulowanishe unga wa kizibo, akakisimamisha hivyo hivyo mezani. Dakika kumi tu, alijiambia.

Simu ikaita. Alikuwa mama yake, kule kwao, anayewatambia majirani kwamba binti yake ni daktari ingawa bado hajawa. Mama yake alikuwa analia. Ameambiwa ahame alipo. Msichana alitoka nje ili wenzake wasisikie, na dakika kumi zikawa arobaini.

Mama Chupa alipita na beseni lake la saa tano. Kwenye meza ya msichana akakuta kichupa kimefudikizwa, mdomo chini, na ndani tone dogo kama jasho la kioo. Akakitwaa. Akakiosha kwa sabuni, akakisuuza mara tatu na mara tatu.

Msichana aliporudi alisimama mbele ya meza muda mrefu. Kisha akaenda chumba cha kuoshea. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, kama mama amekiona kichupa chake kidogo chenye kizibo cha buluu. Mama Chupa akakionyesha kwenye waya wa kukaushia, katikati ya wenzake, kinang'aa.

"Kilikuwa kimefudikizwa, mwanangu."

Msichana alikishika, akakiweka kwenye mwanga, akakirudisha palepale. Alitaka kusema kitu. Alisema, "Asante."

*

Mlinzi wa lango, ambaye kila asubuhi humwomba Mama Chupa maji ya moto ya chai yake, alipewa amri ya kupekua begi lake jioni. Alilipekua bila kumtazama. Akatoa taulo, kipande cha sabuni, kibakuli cha chakula, akafungua kibakuli, akanusa. Boksi aliliacha, kwa sababu alijua linatoka kwenye rundo. Lakini aliandika kwamba ametoka na boksi, na karatasi hiyo asubuhi ilikuwa juu ya meza ya Msimamizi wa maabara.

Msimamizi alikuwa mtu mpole. Alimsalimia kwanza, akamuuliza hali ya nyumbani. Kiti kilikuwapo ila kilikuwa kimejaa mafaili, na hakuna aliyeyaondoa, kwa hiyo Mama Chupa alisimama. Akaambiwa kichupa kile ni zaidi ya mishahara yake ya miezi saba. Msimamizi akaongeza haraka kwamba fedha si neno, neno ni wakati. Kingine kitachukua wiki kumi kufika, na panya waliotayarishwa watakuwa wamezeeka. Panya hawasubiri mtu.

Mama Chupa akasema alikikuta kimefudikizwa.

Msimamizi akageuza karatasi nyingine. Msichana wa Panya alikuwa ameandika ripoti yake usiku uleule, kurasa mbili safi. Kichupa, kwa mujibu wa ripoti, kilikuwa kimesimama katika kibao chake, juu ya barafu.

"Kwa hiyo kilisimama, nami nikakiosha."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Tangu nije hapa sijawahi kuosha kilichosimama."

"Huu utaratibu wenu wa kusimamisha na kufudikiza, mama, uko wapi? Nionyeshe ulipoandikwa."

Mama Chupa alitazama mikono yake, iliyokuwa na mikunjo ya maji hata siku za mapumziko. "Tunaufanya tu," alisema. Msimamizi akavuta droo.

Karatasi aliyopewa ilikuwa na mistari sita na nafasi ya saini. Ilisema ameondoa mali ya utafiti bila kuuliza. Akisaini kabla ya Ijumaa saa sita mchana, mkataba wake utaisha mwisho wa mwezi kwa amani, na hakuna atakayetaja boksi. Asiposaini, habari ya boksi itakwenda kwa watu wa usalama, nao wana maswali yao. Mpaka wakati huo asiguse meza za watafiti. Aoshe chupa za kunyweshea panya.

Alipofika mlangoni Msimamizi alimwita, akamwomba radhi kwa habari ya kiti.

*

Kadi ya matibabu ya mume wa Mama Chupa ilitokana na kazi ya mke wake. Miaka thelathini alipaka nyumba za watu rangi, za kunyunyizia zaidi, bila kitu puani ila kitambaa, na sasa alikuwa anaishi kwa dawa ya kuvuta mdomoni, chupa mbili kwa mwezi. Alhamisi alikwenda na Kitinda kuchukua ya pili. Karani wa dirishani aliiingiza kadi kwenye mashine, akaitoa, akaifuta kwenye shati lake, akaiingiza tena.

"Inasema ngoja," alisema.

Kitinda akauliza wangoje mpaka lini. Karani akasema mashine haikusema mpaka lini, imesema ngoja tu, na je, kazini kwa mama kuna shida? Aliuliza kwa sauti ya kawaida, lakini foleni ilikuwa fupi na kila mtu alikuwa na masikio. Mzee mmoja nyuma yao alirudi hatua moja, kama kwamba shida ile inaambukiza. Mume wa Mama Chupa aliichukua kadi yake, akasema ahsante sana, akasema watapita tena. Njiani walipumzika mara tano. Mara ya tano alikaa juu ya ukuta mfupi aliowahi kuupaka mwenyewe, akaukwaruza kwa ukucha, akasema rangi ile ilikuwa nzuri, haijabanduka.

Nyumbani walimkuta fundi cherehani amekaa juu ya boksi, goti nje. Alikuwa amekuja kwa mazungumzo ya faragha. Alizunguka sana, akasifia pazia, akauliza bei ya mkaa, mwishowe akasema goti hili sasa mwaka wa pili, na jirani ni jirani, na kama katika ile dawa kumebaki japo la kupaka tu.

"Hakuna dawa," alisema Mama Chupa. "Na hata ingekuwapo ni ya panya."

"Mimi panya wameniuma mara mbili chumba kile. Damu zetu zinajuana."

Kitinda alicheka kabla hajajizuia. Mume wa Mama Chupa naye akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaendelea mpaka fundi cherehani akainuka bila kuaga, akiwa na hofu ya kweli usoni. Tangu hapo hakusema tena kwamba mzee alipiga mluzi. Alisema dawa imemkataa.

Kikohozi kilipotulia, karatasi ya mistari sita ilikuwa mezani, imewekewa kikombe isipeperuke. Mume wa Mama Chupa aliisoma kwa sauti, akarudia mstari wa tatu.

"Ukisaini umekubali," alisema. "Nani atakupa hata sahani uoshe?"

"Nisiposaini ni mwizi."

"Basi nenda kwa yule mtoto. Yeye anajua alivyokiweka."

Mama Chupa alisema hawezi. Alisema ukimlisha mtu kisha ukamwendea na shida yako, ni kama umekwenda kudai sahani. Mumewe alipima pumzi aliyobaki nayo, kisha akasema yeye hajali kudai sahani, na kwamba angekwenda mwenyewe kama kilima kile cha kwendea maabara kingekuwa kifupi. Kitinda, aliyekuwa ameinamia mchele akiuchambua, akasema jana alimwona Msichana wa Panya barabarani. Alimwita. Yule dada alivuka upande wa pili, gari likampigia honi, na hakugeuka.

"Labda hakusikia," alisema Mama Chupa.

"Alisikia, mama. Alifunga macho."

*

Ijumaa asubuhi Mama Chupa aliiweka karatasi ndani ya taulo lake, bila saini. Chumba cha kuoshea kina dirisha dogo la mbao linalofunguka upande wa nyumba ya panya. Hapo hupitishwa chupa chafu kwenda na safi kurudi, ili watu wa nje wasiingie na uchafu wao. Aliyeko upande mmoja humwona aliyeko upande wa pili kuanzia kifuani hadi kwenye macho.

Saa nne na nusu dirisha lilifunguka. Msichana wa Panya alikuwa amevaa joho, kofia na barakoa. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alikuwa hajalala tangu Jumanne, na alikuwa anajua jambo ambalo Mama Chupa hakulijua: tayari ana maonyo mawili, la kuchelewa na la mashine iliyoungua, na la tatu hufuta ufadhili. Aliandika ripoti ile mara nne. Mara ya kwanza aliandika kweli.

Hakutegemea kumkuta mama pale. Nyuma yake zilionekana rafu za vizimba, na juu ya kila kizimba chupa ya maji imepinduliwa, mdomo chini, panya wamenyoosha shingo wananyonya.

"Shikamoo, mama," alisema ndani ya barakoa.

"Marahaba, mwanangu. Hawajambo hao?"

"Wapo. Jumatatu wanaondolewa. Umri umepita."

Mama Chupa akatikisa kichwa, akasema pole, na alikuwa anamaanisha. Alifungulia maji yapate moto. Alisema baba anamsalimu. Alisema jana kadi ilikataa. Hakusema kama mtu anayelalamika. Alisema kama anavyosema mvua imenyesha. Kisha akafungua taulo na kuiweka karatasi kwenye kizingiti cha dirisha, kati yao.

"Hii inataka saini yangu kabla ya saa sita," alisema. "Sikuja kukugombeza. Wewe una mambo yako na mimi nina yangu. Najua hukuniwekea mtego, nilisikia ulikwenda kusikiliza simu. Mimi mwenyewe ningekwenda."

Msichana aliinama. Mikono yake, ndani ya glovu, ilikuwa imeshika kingo za kizingiti.

"Sikuombi uniombee msamaha," aliendelea Mama Chupa. "Wala usiseme kosa ni lako. Sema tu kilikuwa kimefudikizwa. Neno hilo moja, mwanangu. Mengine nitayabeba."

Ndani, panya mmoja aliikwangua chupa yake, wengine wakafuata. Msichana aliinua macho, akaitazama karatasi, akamtazama mama, na barakoa yake ikaingia na kutoka mdomoni kwa pumzi. Mama Chupa alisogea karibu asije akakosa kusikia. Kisha msichana akageuka. Alikwenda kwenye meza ya nyuma, akabeba kikapu cha chupa chafu za wiki ile, akakileta, akakipenyeza taratibu dirishani, kando ya karatasi, akiangalia kisiiguse.

Chupa zilikuwa arobaini. Zote alikuwa amezifudikiza, mdomo chini, moja baada ya nyingine, kama alivyofundishwa siku ya kwanza.

Mama Chupa alizitazama. Akamtazama yeye.

"Mwanangu?" alisema.

Maji yalikuwa yameshapata moto na mvuke ulikuwa unapanda kati yao. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika kumi. Msichana wa Panya alikuwa bado amesimama pale dirishani, mkono mmoja juu ya kikapu, na Mama Chupa alikuwa bado anangoja neno lile moja.